Karatasi ya usalama wa upasuaji hujazwa mgonjwa akiwa ameshatoka mezani: tuanzie wapi?

Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji, Kivu Kusini

Ndugu wauguzi, wakunga na madaktari, salamu kwenu.

Ninafanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali kuu ya rufaa iliyoko milimani, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Bukavu ikiwa mvua haijaharibu barabara. Wengi wa wagonjwa tunaowapasua ni wanawake, na wengi wa wanawake hao ni wajawazito ambao uchungu umewashinda nyumbani au kwenye kituo cha afya. Wanatufikia kwa tipoyi, yaani machela ya kubebwa na watu, au kwa pikipiki, mara nyingi usiku, wakiwa wamechoka na kuishiwa maji mwilini. Anayepasua ni daktari wa kawaida aliyejifunzia sezarieni, yaani kumpasua mama ili kumtoa mtoto, kazini, kama ilivyo katika hospitali nyingi za vijijini nchini mwetu, na dawa za usingizi hutolewa na muuguzi mmoja aliyesomea kazi hiyo.

Jambo linalonisumbua ni karatasi ya usalama wa upasuaji, ile iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, yenye mambo 19 yanayopaswa kuulizwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Kwetu karatasi hiyo haikosekani katika faili lolote. Wakaguzi wa zoni ya afya wakija, huikuta imejazwa yote na kutiwa sahihi. Ukweli ni kwamba hujazwa jioni kwa mkupuo, kalamu moja ikipita juu ya mafaili yote ya siku, na majibu yote ni "ndiyo". Hivi karibuni nilifungua faili la mama aliyekuwa ametoka mezani muda mfupi tu, nikakuta kisanduku cha antibiotiki kimetiwa alama kwamba dawa ilitolewa kabla ya kukata, ilhali chupa yenyewe ilikuwa bado imelala kwenye sinia, kifuniko chake cha alumini hakijaguswa. Mama yule alipewa dawa papo hapo, kwa kuchelewa, na hakuna mwingine chumbani aliyeona ajabu.

Daktari mkuu wa hospitali ameniomba niandike pendekezo la kuboresha usalama wa wanawake tunaowapasua, naye amenionya mapema kwamba fedha zilizopo zitatosha kununua kitu kimoja tu cha maana. Kwa hiyo nauliza. Je, karatasi hii inafaa kupiganiwa mahali kama kwetu, au ni desturi ya hospitali tajiri tuliyoletewa pamoja na misaada mingine? Muuguzi afanyeje ili daktari mwenye haraka, tena mwenye haki ya kuwa na haraka kwa sababu mtoto anachoka tumboni, akubali kusimama dakika moja? Na kama ni kununua kitu kimoja, kiwe kipi?

Daktari wa Uzazi, Bukavu

Ndugu muuguzi, maswali yako ni matatu, nami nitakaa zaidi kwenye la pili, kwa kuwa la kwanza lina jibu fupi.

Karatasi inafaa, na haikutungwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Ilipojaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali za miji minane, mmojawapo ulikuwa Ifakara, Tanzania, sambamba na London, Toronto, New Delhi na mingineyo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kuna upande wa pili ambao wakaguzi hawautaji. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako karatasi ilikuwa imefanywa kuwa ya lazima, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana, ijapokuwa hospitali zenyewe zilisema zinaijaza karibu kila mara. Kwa maoni yangu matokeo hayo mawili hayagombani. Kinachomlinda mgonjwa ni mazungumzo ya watu walio chumbani, na kisanduku kilichotiwa alama ni kumbukumbu tu ya mazungumzo hayo. Kwenu, kama ulivyoeleza, kumbukumbu ipo na mazungumzo hayapo.

Sasa, kuhusu daktari mwenye haraka. Usimwombe ruhusa ya kusoma karatasi, bali ipange kazi hivi kwamba kisu hakimfikii kabla haijasomwa. Kisu kikae katika bakuli la chuma upande wa muuguzi anayepokeza vyombo, naye asikitoe mpaka mwenzake anayezunguka chumbani aseme kwamba swali la mwisho limejibiwa. Utaratibu huo autangaze daktari mkuu mwenyewe, mbele ya watu wote na kwa maandishi, ili muuguzi kijana anapoushika aonekane anatekeleza amri na wala hamshindani mkubwa wake. Bila tangazo hilo utashindwa, na sitakudanganya: katika malezi yetu mdogo hamkatizi mkubwa maneno, na adabu hiyo tunaingia nayo hadi chumba cha upasuaji, mahali ambapo aliyeona kosa kwanza mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote. Maswali ya kabla ya kukata hayamalizi dakika moja. Katika dharura kubwa yasomwe wakati daktari anapaka dawa kwenye ngozi na kutandika vitambaa, na hapo hakuna muda unaopotea.

Shirika la Afya Duniani lenyewe limeruhusu karatasi irekebishwe kulingana na mahali. Mimi ningeanza na swali la damu. Linauliza kama mgonjwa anaweza kupoteza zaidi ya mililita 500. Katika sezarieni jibu ni "ndiyo" karibu kila mara, kwa hiyo swali halimwamshi mtu. Ulizeni hivi: damu ya kundi la mama huyu iko wapi sasa hivi? Kama haipo, ni ndugu gani aliyeko nje ambaye amekwisha kupimwa na yuko tayari kuchangia? Ana njia ngapi za serumu, yaani maji ya mshipani, moja au mbili? Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, imetoka kwenye friji, au ilishinda dirishani tangu juzi? Dawa hiyo inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika sura.

Swali la pili ambalo karatasi haina, na ambalo kwa jimbo letu ningeliweka hata kama ingebidi kufuta lingine, ni la mkojo. Mpira wa kutolea mkojo umeingia? Mkojo unatoka? Una rangi gani? Mama aliyeumwa uchungu siku nzima na usiku wake, kichwa cha mtoto kikiwa kimebana kwenye nyonga, sehemu ya chini ya mji wake wa mimba huwa imetanuka na kuwa nyembamba, na kibofu kimevutwa juu. Daktari akikata chini kama alivyozoea anaweza kujikuta ndani ya kibofu au ndani ya uke. Halafu kona ya mkato inapoanza kutoa damu nyingi, naye akashona kwa upofu ili kuizuia, anaweza kuufunga mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Hospitali ya Panzi hapa Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, inajulikana duniani kwa kuwatibu wanawake wenye fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au choo kivuje bila kuzuilika, na watu wengi hudhani kwamba fistula zote zimetokana na ubakaji au na uchungu uliochelewa kutatuliwa. Uchunguzi uliojumlisha maelfu ya wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika na Asia umeonyesha kwamba zaidi ya fistula 10 katika kila 100 zilitokana na upasuaji wenyewe, hasa sezarieni, kushona mji wa mimba uliopasuka, au kuutoa. Hizo ni kazi za mikono yetu sisi madaktari, na zinazuilika. Mama wa namna hiyo akatwe juu kidogo kuliko kawaida, kibofu kishushwe vizuri kabla ya kukata, na kabla ya kufunga tumbo mtu atazame mfuko wa mkojo. Ukiwa na damu nyingi, au umekauka, kibofu kijazwe maji yenye rangi ya buluu ya methileni ili ionekane kama yanavuja. Baada ya hapo mpira usitolewe kesho yake kwa sababu tu kitanda kinahitajika. Kwa mama ambaye kichwa kilibana muda mrefu, mpira unaweza kukaa hadi wiki mbili, nao ni kinga.

Nimalizie na kompresi, vile vitambaa vya kufyonza damu. Zile tunazokata wenyewe kutoka kwenye rola hazina uzi unaoonekana kwa eksirei, kwa hiyo iliyosahaulika tumboni haitaonekana kwenye picha yoyote. Zifungwe kumi kumi kwa kamba kabla ya kupelekwa kwenye otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, na kila fungu linapofunguliwa kamba yake itundikwe kwenye msumari ubaoni. Kamba tatu, kompresi thelathini. Zihesabiwe watu wawili wakitazama, kabla tumbo halijafungwa na tena kabla ya ngozi.

Mtaalamu wa Nusukaputi, Lubumbashi

Daktari, kwa heshima yako yote, umeandika mengi mazuri ya upande wa kisu, lakini upande wa kichwa cha mgonjwa umeupita kimya. Swali la tatu la ndugu muuguzi mimi nalijibu bila kusita: kitu kimoja cha kununua ni oksimita, kipimo cha oksijeni iliyo katika damu, ile ya kuwekwa kidoleni, yenye betri na yenye sauti.

Sababu ni hii. Kwa hospitali nyingi za rufaa, sezarieni hufanywa kwa sindano ya mgongoni, nayo ni salama kuliko kumlaza mama usingizi kamili, mradi kuna anayemwangalia. Baada ya sindano shinikizo la damu huanguka ndani ya dakika chache, na huanguka zaidi kwa mama aliyefika akiwa ameishiwa maji, ambao ndio mama zenu. Mji wa mimba nao, mama akilala chali, hubana mishipa mikubwa ya damu nyuma yake. Kitambaa kilichokunjwa na kuwekwa chini ya nyonga ya kulia, ili mama aegemee kushoto, hakina gharama. Shinikizo lipimwe mara kwa mara tangu sindano inapotoka, efedrini, dawa ya kupandisha shinikizo, ikiwa tayari imevutwa kwenye bomba la sindano na kuandikwa jina. Mama akianza kusema mikono imekufa ganzi na pumzi ni nzito, ganzi imepanda juu mno, na hapo ni lazima mfuko wa kumpulizia hewa na barakoa viwe karibu, visiwe kabatini kwenye chumba kingine.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na kwetu Katanga tunajua jambo hilo kama nyinyi, mashine ya kutengeneza oksijeni hunyamaza, taa huzimika, na kabla jenereta haijawashwa huwezi kuona midomo ya mama imegeuka rangi. Hata mchana, kwenye ngozi zetu, ukiona ulimi umekuwa wa buluu umechelewa sana. Oksimita yenye betri huendelea kulia, na sauti yake inaposhuka hata daktari aliyeinama juu ya tumbo huisikia. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94, tafuta sababu. Tena kifaa hiki kina tabia ya kuonyesha namba ya juu kidogo kuliko ukweli kwa watu weusi, kwa hiyo namba iliyo mpakani isikufariji. Kucha zenye rangi au hina humchanganya pia. Weka kihisio kwenye kidole kisichopakwa, au kwenye ndewe ya sikio ikiwa kihisio chako kinaruhusu.

Niongeze onyo moja ambalo halimo kwenye karatasi. Siku hizi asidi ya traneksamiki imeingia katika vyumba vyetu vya upasuaji, na ni dawa nzuri kwa mama anayetoka damu. Lakini kuna aina ambazo ampuli zake zinafanana sana na za bupivakaini, dawa ya ganzi ya mgongoni. Wagonjwa wamekufa, katika nchi zaidi ya moja, kwa sababu iliingizwa kwenye uti wa mgongo badala ya ganzi: mgonjwa hupata maumivu makali, kisha degedege, kisha moyo huvurugika. Dawa hiyo isikae kabisa kwenye meza wala droo ya dawa za usingizi. Ikae kwenye sanduku la damu, yaani la dawa na vifaa vya dharura kwa mama anayetoka damu, upande wa pili wa chumba, na anayechoma sindano ya mgongoni asome jina la ampuli kwa sauti mwenzake akilitazama.

Mkunga, Goma

Nimewasoma wote wawili, na naona karatasi yenu inaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mahali ambapo kwangu mimi hatari ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa upasuaji uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, kwa wagonjwa zaidi ya elfu 11. Upasuaji uliofanywa kwa wingi kuliko wowote ulikuwa sezarieni, theluthi moja ya kazi yote. Wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana na wenye magonjwa machache kuliko wa kwingineko, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila 100 waliokufa, 94 walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita. Walitoka mezani wazima. Sehemu ya utafiti huo iliyowahusu wanawake wa sezarieni, iliyochapishwa mwaka 2019, ilikuta mama wapatao 5 katika kila 1,000 wanakufa, kiasi cha mara 50 ya nchi tajiri.

Sasa tazameni usiku wa wodi. Muuguzi mmoja, vitanda vingi, mama aliyetoka kupasuliwa amewekwa mwisho wa chumba kwa sababu huko kuna nafasi. Kitambaa kati ya miguu yake kinaweza kuwa kikavu huku damu ikijaa tumboni au ikijikusanya ndani ya mji wa mimba. Shinikizo la damu la mama kijana husimama kwa muda mrefu kabla ya kuanguka, lakini mapigo ya moyo hukimbia mapema. Kanuni ninayowafundisha wasichana wetu haihitaji mashine kubwa: mapigo yakifikia namba ya juu ya shinikizo la damu, mfano mapigo 110 na shinikizo 100, mama huyo anatoka damu mpaka mtu athibitishe kinyume chake. Katika saa mbili za mwanzo apimwe kila robo saa, na mkono uguse tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza, kwa upole kwa sababu ya kidonda. Vitambaa vilivyolowa vipimwe kwenye mizani ya jikoni, uzito wake mkavu ukitolewa, na kila gramu moja ihesabiwe mililita moja. Macho yetu yana desturi ya kupunguza damu. Mizani haina haya.

Asidi ya traneksamiki aliyoitaja ndugu yetu wa Lubumbashi ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya elfu 20, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Gramu moja kwenye mshipa, polepole kwa dakika kumi, ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Baada ya saa tatu faida haipo, na kila robo saa inayopita hupunguza faida hiyo. Kama muuguzi wa usiku ni lazima amtafute daktari nyumbani kwake kwanza ili aruhusiwe kuichoma, dawa hiyo ni pambo. Kwa hiyo ndugu muuguzi, katika pendekezo lako andika amri iliyotiwa sahihi kwamba mkunga au muuguzi wa zamu anaruhusiwa kuianza mwenyewe, kisha amwite daktari.

Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji, Kivu Kusini

Nawashukuru sana. Wazo la kisu na la kamba za kompresi nitaanza nalo wiki hii, halihitaji sahihi ya mtu wa fedha. Mama mkunga, umenigusa mahali penyewe, kwa kuwa wodi yetu ni kama ulivyoieleza. Lakini zamu ya usiku ina mtu mmoja na haitaongezewa wa pili. Je, kuwafundisha ndugu wanaomlinda mgonjwa kuangalia dalili hizo kunafaa, au tunawatupia mzigo usio wao?

Mama wa Kadutu, Bukavu

Waganga, mnisamehe kuingia katika mazungumzo ya wenye kazi. Mimi si muuguzi, ni mwanamke niliyejifungua kwa kupasuliwa hapa mjini, na swali la mwisho linanihusu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilinda usiku ule. Hakuna aliyemwambia aangalie nini. Alidhani kazi yake ni kuniletea uji na kufua nguo. Lau angeambiwa kwamba nikiona kiu kali, nikitokwa jasho la baridi au nikianza kuzungumza ovyo aende kumwamsha muuguzi bila kuogopa kufokewa, angefanya hivyo kwa furaha. Sisi hatuogopi mzigo. Tunaogopa kuambiwa kwamba tunasumbua.

Jambo jingine hamkulitaja. Karatasi ya kukubali kupasuliwa iliandikwa kwa Kifaransa, aliitia sahihi mume wangu kwenye ukumbi, na mimi niliyekuwa nikipasuliwa sikuelezwa chochote mpaka nilipoona taa za juu ya meza. Baadaye, nikiwa nimesharudi nyumbani, kidonda kilianza kutoa maji yenye harufu. Sikurudi upesi. Tulikuwa tumeacha deni, nami nilikuwa nimewaona wamama waliozuiliwa wodini kwa sababu ya deni, watoto wao wakiwa mgongoni. Nilinunua vidonge sokoni. Niliporudi hatimaye, nilikaripiwa kwa kuchelewa. Mkihesabu wanawake wenye vidonda vibovu, sisi tuliobaki nyumbani tumo katika hesabu gani?

Daktari wa Uzazi, Bukavu

Mama, hukuingilia, swali lako ni zito kuliko yetu. Maambukizi mengi ya kidonda cha sezarieni huonekana mgonjwa akiwa ameshatoka hospitalini, na ndiyo maana kidonda hufuatiliwa kwa siku 30. Hospitali inayohesabu waliorudi peke yao hujipongeza bure. Mpango wa serikali wa kujifungua bila malipo, ulioanzia Kinshasa mwezi Septemba 2023, haujaondoa madeni kila mahali, kwa hiyo nashauri mambo mawili yatenganishwe kabisa: anayempigia mama simu baada ya wiki moja na tena kabla ya siku 30 awe muuguzi, asiwe mtu wa kaunta ya malipo, na neno la deni lisitajwe katika simu hiyo. Amwulize kama kidonda ni chekundu, kama kinatoa maji, kama ana homa, kama mkojo unamtoka bila kujua. Swali hili la mwisho liulizwe kwa upole, maana aibu hulificha. Nambari ya simu ichukuliwe ya mama mwenyewe pamoja na ya jirani, kwa sababu simu ya nyumba mara nyingi hushinda na baba kazini.

Kuhusu kukubali upasuaji: anayepasuliwa aelezwe yeye, kwa Kiswahili, au kwa Mashi au Kihavu ikiwa ndiyo anayoisikia, na hilo liwe la kwanza kabisa kwenye karatasi yenu mpya. Hata katika dharura, sentensi tatu zinawezekana wakati serumu inafungwa.

Kwa upande wa vidonda kuna matokeo ya mwaka 2022 yanayotufaa, kwa kuwa Rwanda, majirani zetu, walikuwemo pamoja na nchi nyingine sita. Zaidi ya wagonjwa elfu 13 wa upasuaji wa tumbo walilinganishwa. Mahali ambapo wapasuaji walibadilisha glavu na kuchukua vyombo vingine safi kabla ya kufunga tumbo, maambukizi yalikuwa asilimia 16, na mahali pengine 18.9. Kwenu ina maana ya jozi chache za glavu na sinia dogo la vyombo vya kufungia lililotengwa kutoka kwenye otoklavu. Ila glavu hizo zisiongezwe kwenye orodha ya vitu ambavyo familia hutumwa kununua usiku.

Mama mkunga, kuna jambo moja ambalo ni lazima nilitaje kwa uaminifu. Watafiti wale wale wa nchi za Afrika walijaribu baadaye kuwaangalia zaidi wagonjwa wenye hatari kubwa: vitanda vilivyo mbele ya macho ya wauguzi, vipimo vya mara kwa mara, ndugu kuruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na vifo havikupungua. Mimi sisemi tuache. Ninaona kwamba kumtazama mgonjwa bila mtu mwenye ruhusa na dawa mkononi hakumsaidii, na ndiyo maana ile amri uliyoitaja, ya mkunga kuanza dawa mwenyewe, nadhani ina uzito kuliko kitanda kuwa karibu. Ndugu wa mgonjwa wafundishwe, ndiyo, lakini muuguzi wanayemwita awe na sanduku la damu lililojaa na ruhusa ya kulifungua.

Na kwa kitu kimoja cha kununua, namwachia ndugu wa Lubumbashi ushindi. Yale mengine yote yanataka amri zaidi ya pesa.

Mtaalamu wa Nusukaputi, Lubumbashi

Ushindi naupokea. Ndugu muuguzi, unaponunua usichukue zile ndogo za kubana kidoleni zinazouzwa famasi kwa ajili ya nyumbani. Nyingi hazina sauti inayobadilika kadiri oksijeni inavyoshuka, na kwenye kidole chenye baridi cha mama aliyepoteza damu huonyesha vistari tu. Tafuta ya mkononi yenye waya, yenye kengele na betri ya kuchajiwa, na uulize bei ya kihisio cha akiba kabla ya kulipa, kwa kuwa waya ndio hukatika kwanza. Omba pia kihisio cha mtoto mchanga. Kifaa kikifika, andika juu yake kwa wino usiofutika "Chumba cha Upasuaji" na mahali pa kukichaji, vinginevyo kitahamia ofisini kabla ya mwezi kwisha.